Nyani Aliyekuja kwa Mlio wa Soda

Kilosa,
14 Julai 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Baba naye mwambie shikamoo yake imo humu, aichukue kabla hujaikunja karatasi. Mimi ni mzima. Maharage ya shule ni yale yale, na mende wa bwenini ni wale wale, wameongezeka unene tu.

Mama, nina habari! Lile jaribio la soda na pipi nililowafanyia watoto nyuma ya kibanda chetu wakati wa likizo, nimemsimulia mwalimu wetu wa sayansi, mwalimu Lupakisyo, naye amelipenda mno. Aliniita mbele ya darasa nieleze, nikaeleza. Ndani ya soda kuna gesi iliyoshindiliwa. Pipi ya mnanaa ukiitazama unaiona laini, kumbe juu yake ina vijitundu vingi vidogo. Ukiitumbukiza, gesi inapata pa kukusanyikia, inatoka yote kwa mkupuo na kuibeba soda juu. Na soda ya moto inaruka kuliko ya baridi. Darasa likapiga makofi, halafu mwalimu akasema mimi ndiye nitakayeiwakilisha shule kwenye maonyesho ya sayansi mwezi wa kumi. Mimi, kidato cha pili, na wale dada wa kidato cha nne wapo wanatazama!

Mwalimu huyu ana sheria moja na anairudia mpaka tunaiota: andika ulichokiona, usiandike unachokidhani. Kwa hiyo mama, nisaidie. Niandikie kama Goodluck na Mudi na wenzao bado wanacheza lile jaribio, na soda inaruka mpaka wapi. Waambie wasiinamie chupa.

Simu hapa ni ya matroni na ni ya dharura tu. Barua mpe kondakta wa gari la Kilosa, mama mdogo Doto ataipokea stendi na kuniletea Jumapili.

Mwanao,
Yusrah

*

Mikumi,
28 Julai 2024

Mwanangu Yusrah,

Marahaba. Baba yako kaitikia yake huku mdomo umejaa mihogo, lakini kaitikia. Barua yako niliisoma kwa sauti pale kibandani, madereva wawili wa malori wakasikiliza mpaka mwisho. Baba yako alijifanya anapanga kreti, ila nilimwona anavyotabasamu. Hongera sana.

Umeuliza kama watoto wanaendelea. Hawajaacha hata siku moja! Wanakusanya masalio ya soda kwenye chupa wanazotupa wasafiri, wanaomba pipi kifua, zile za mnanaa, kila duka, na wakipata soda nzima wanafanya sherehe. Haifiki juu kama ile ya kwako, lakini kelele ni zile zile. Uwanja wa nyuma umekuwa unanata, kandambili zangu zinabaki chini mimi natembea. Kwanza wakaja sisimizi. Wakaja nyuki. Sasa wamekuja nyani.

Unajua nyani wa huku, tumezoea kuwaona wamekaa barabarani. Lakini hawa wametoka vichakani upande wa hifadhi, wakaanza kuramba udongo wetu kama ng'ombe anavyoramba chumvi. Wengine wakiona mtu wanakimbia. Kuna dume mmoja mkubwa, sikio la kushoto limechanika, yeye hakimbii. Juzi nilimfungulia dereva soda. Pshh! Kugeuka, namkuta nyani kwenye benchi, mikono kaiweka magotini, ananitazama kama mtu anayesubiri chenji. Dereva akatoka mbio, soda kaiacha. Nyani akainywa yote.

Tangu hapo nikifungua chupa tu, huyo. Hata nikifungulia ndani anasikia. Watoto wamempa jina, wanamwita Mteja. Wateja wa kweli wanapungua.

Usicheke. Wewe ndiye mwenye elimu hiyo, hebu nieleze namwondoaje.

Mama yako,
Kulwa

*

Kilosa,
4 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Nisamehe, nimecheka mpaka matroni akaja kuuliza kuna nini. Nilimwomba simu niwapigie, akauliza dharura gani. Nikasema nyani. Akaniambia nikalale.

Lakini nimelifikiria. Mteja amejifunza kwamba mlio ule maana yake ni utamu. Sasa ni kumfundisha kwamba mlio ule maana yake ni balaa. Chukua chupa moja, tia pilipili kichaa ya kutosha, rudishia kifuniko, uitikise kidogo, kisha akija umfungulie. Atakunywa mara moja tu.

Mwalimu Lupakisyo amesema habari ya Mteja ni nzuri kuliko ya pipi yenyewe, niiweke kwenye maonyesho. Niandikie kila anachofanya. Msimpige tu jamani.

Mwanao,
Yusrah

*

Mikumi,
18 Agosti 2024

Yusrah,

Marahaba. Nakuandikia nimekukasirikia kidogo, halafu utaona kwamba hasira yenyewe haina pa kwenda.

Soda ya pilipili nilitengeneza. Baba yako akaiweka kwenye friji, eti isichanganyike na zile za nje. Basi akaja utingo wa lori, mtoto wa watu kutoka Tunduma, ana kiu ya safari nzima, akafungua friji mwenyewe. Tulimmwagia maji kichwani mpaka akaweza kusema jina lake. Mteja tulipomwekea nyingine, alinusa, akaiweka chini taratibu, akanyoosha mkono kwenye kreti akachukua isiyo na pilipili.

Tukasema tumtishe kwa jaribio lako lenyewe. Mudi akatumbukiza pipi, soda ikaruka mbele ya uso wa Mteja. Alikimbia kweli, tukashangilia. Baada ya muda akarudi na ukoo mzima, wake na watoto, wakakaa wakaramba mpaka pakakauka.

Sasa hapa ndipo usicheke. Jumanne Goodluck alikuwa na chupa yake mkononi. Mteja akaishika, Goodluck naye akang'ang'ania, unamjua alivyo mbishi. Ameng'atwa mkono. Kashonwa, na anachomwa sindano za kichaa cha mbwa. Mama yake tangu siku hiyo akinipita anatazama ng'ambo ya barabara, na mimi simlaumu.

Wakaja askari wawili wa wanyamapori. Walilipua baruti vichakani, nyani wote wakatoweka, jioni Mteja peke yake akarudi kwenye benchi. Wale askari wakatuambia wazi: nyani akishazoea vya watu na akamng'ata mtu, haachwi. Wakirudi wakamkuta bado anakuja, watampiga risasi.

Tumejaribu fimbo, tumejaribu mawe, tumemfungulia mbwa wa jirani, mbwa ndiye aliyekimbia. Baba yako aliyekuwa mbele kwa fimbo siku hizi haishiki tena. Jana nimemkuta nyuma ya kibanda anamwambia, "Nenda kwenu bwana. Nenda kwenu, nakuomba." Mteja anamtazama tu.

Mwanangu, sisi tumeishiwa. Muulize mwalimu wako.

Mama yako,
Kulwa

*

Kilosa,
25 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Naandika haraka, mama mdogo Doto amesimama getini ananisubiri.

Msimwache auawe. Nakuomba mama, nakuomba baba. Yeye hana kosa, mimi ndiye niliyemfundisha. Kabla sijaja na chupa zangu hakuwa anajua soda ni nini.

Nimemuuliza mwalimu Lupakisyo, na hakucheka hata kidogo. Amesema tulikosea tangu mwanzo, kila tulichofanya kilizidi kumwaga sukari chini. Njia ni hii. Msifungue soda yoyote hapo kibandani, hata moja, hata kama wateja watakasirika. Chupa zote zitoke, uzeni chai na maji. Uwanja wa nyuma ulimeni, mgeuze udongo, mmwage majivu. Watoto waache kabisa. Mteja atakuja na kukosa, atakuja na kukosa, mwisho atachoka na kurudi kwao. Itachukua muda, lakini mwalimu anasema inawezekana.

Waambieni askari watupe huo muda. Waambieni kuna mwanafunzi anafanya utafiti.

Najua soda ndiyo inayouzika. Nitakula maharage bila kulalamika mpaka Desemba, hata hela ya sabuni msinitumie. Ningekuwa na ruhusa ningekuja kulima mwenyewe. Nipo hapa ndani ya uzio natazama geti tu.

Yusrah

*

Mikumi,
2 Septemba 2024

Doto mdogo wangu,

Sijakupigia kwa sababu kwenye simu nitalia na kibandani kuna watu. Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Yusrah, hiyo umpelekee. Hii ni yako, ukishaisoma ichane.

Ile barua yake ya kumwombea Mteja uliyoipakia kwenye gari, gari liliharibika kijiji cha Ulaya likalala huko. Kondakta aliitia kwenye droo ya mbele akaisahau, nimeipata Jumamosi. Mteja alipigwa risasi Alhamisi.

Walikuja wale wale wawili. Wakakaa, wakangoja, Mteja hakutokea. Jua lilikuwa kali, nadhani alikuwa kivulini huko kwao. Nikaanza kufurahi moyoni, nikasema leo watachoka waondoke. Mmoja akamwambia baba Yusrah, "Mzee Mwinshehe, tufungulie soda." Akasema za baridi zimekwisha. Yule askari akasema, "Hata ya moto."

Wote tulielewa, Doto. Baba Yusrah akanitazama. Mama Goodluck alikuwa mlangoni kwake na mtoto kamshika, mkono una bandeji mpaka kwenye kiwiko. Ningemwambiaje mwanamke yule kwamba tumhurumie nyani? Nikainamisha kichwa. Baba Yusrah akafungua.

Alitoka vichakani kwa miguu yake, hana haraka. Akakaa kwenye benchi, mikono magotini. Wakamwambia baba Yusrah asogee pembeni.

Si watu wabaya wale. Mmoja alitupa pole. Walimbeba kwenye gari, soda ikabaki mezani imefunguliwa na hakuna aliyeigusa, mpaka mimi nikaenda kuimwaga mbali. Sikumwaga nyuma ya kibanda.

Yusrah asijue. Mtihani wa kidato cha pili ni Novemba, na hayo maonyesho yake yamekaribia. Unamjua, akisikia hatakula wala hatasoma. Akimaliza nitamwambia mwenyewe, nikiwa nimemshika. Najua hupendi kudanganya. Mimi pia sipendi.

Kulwa wako

*

Mikumi,
2 Septemba 2024

Mwanangu Yusrah,

Marahaba. Barua yako imefika. Uwanja tumeulima wote na baba yako, majivu tumemwaga, watoto wameacha. Sasa tunauza chai. Goodluck anaendelea vizuri, jana kapanda mti.

Mteja haji tena.

Sabuni nimemtumia mama mdogo akuletee, na karanga. Soma mwanangu, mengine tuachie sisi.

Mama yako,
Kulwa

*

Kilosa,
8 Septemba 2024

Mama! Baba!

Shikamooni! Nilipofika pale ulipoandika haji tena niliruka, mama mdogo akadhani nimeumwa na siafu. Imewezekana! Nilikuwa siwezi hata kulala. Nilikuwa naota nimesimama getini napiga kelele na hakuna anayenisikia.

Nimekimbia kumwambia mwalimu Lupakisyo. Alifurahi, kisha akakuna kidevu chake kama kawaida yake. Akasema, "Haji kwa sababu amesahau, au haji kwa sababu chupa hazilii? Hayo ni mambo mawili." Ni kweli mama. Hatujui mpaka tupime.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja la mwisho. Jumamosi, mchana ule aliozoea kuja, fungueni soda moja nje. Iwe ya moto, ilie vizuri. Watoto waitwe wote. Tumbukizeni pipi ya mnanaa, nimempa mama mdogo, imo ndani ya bahasha. Halafu ngojeni, mtazame vichakani. Akija, ina maana bado anakumbuka, msimpe kitu na tutaendelea na chai. Asipokuja, nitaandika kwenye bango langu kwa herufi kubwa: AMESAHAU. Hilo ndilo litakuwa hitimisho.

Mnajua kinachonifurahisha ni nini? Yupo huko hifadhini na watoto wake, anakula matunda yake, na hana habari kwamba alikaribia kufa. Baba mwambie nyani mwenzake ana akili. Namtania, asikasirike.

Mwanao mwenye furaha,
Yusrah

*

Kilosa,
8 Septemba 2024

Dada Kulwa,

Barua yake ndiyo hiyo, na pipi imo. Nilimpa ya kwako kama ulivyoniagiza. Alinikumbatia pale getini mbele ya mlinzi, akaniambia, "Mama mdogo, ameokoka." Nikasema Alhamdulillah. Nilirudi sokoni nikauza nyanya mbovu kwa bei ya nzima, akili haikuwepo.

Ombi lake utaliona mwenyewe. Ukiona huwezi, mwambie soda zimeadimika.

Doto

*

Mikumi,
22 Septemba 2024

Mwanangu Yusrah,

Marahaba. Jaribio lako tumelifanya, nakueleza lilivyokuwa.

Jumamosi ile uliyosema hatukufanya. Baba yako alikataa. Alisema hawezi kumwita tena, akavaa kofia akatoka, akarudi magharibi na hakula. Wiki nzima ile pipi ilikaa kwenye kikombe juu ya redio. Jana asubuhi akaniambia, "Mtoto ameomba." Akaenda kununua soda mwenyewe, maana hapa kwetu hakuna.

Aliiweka kwenye udongo tuliolima, juani, mpaka ikawa ya moto kama ulivyotaka. Nilitaka Mudi afungue, baba yako akasema hapana. Alifungua yeye. Ililia sana. Akatumbukiza pipi na hakusogea, ikamlowesha shati lote. Ilipita paa la kibanda, mwanangu, sijawahi kuiona ikifika pale. Ungekuwepo ungejisikia fahari.

Watoto walikuwepo wote, na Goodluck na mkono wake. Mama yake pia alikuja, akasimama pembeni yangu. Watoto hawakushangilia. Tulisimama tukatazama vichakani mpaka povu likazama lote ardhini. Baba yako alikuwa wa mwisho kuondoka.

Hakuja.

Mwalimu wako anasema uandike ulichokiona. Basi andika hakuja. Lile la kusahau usiliandike, mwanangu. Hilo hatukuliona.

Mama yako,
Kulwa

*

Kilosa,
29 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo.

Nimeandika hakuja. Mwalimu Lupakisyo alisoma bango akauliza mbona sijaweka sababu. Nikamwambia sababu sikuiona. Alinitazama kidogo, akasema sawa, akaenda kufuta ubao ambao ulikuwa umeshafutwa.

Mama, umeandika watoto hawakushangilia. Nawajua watoto wale. Wanashangilia hata lori likipata pancha.

Leo mama mdogo alipokuja nilimuuliza Mteja anaendeleaje. Akaanza kukunja ncha ya kanga yake na kuikunjua, kukunja na kuikunjua. Nikamuuliza bei ya nyanya.

Kwenye maonyesho nitakwenda, na mtihani nitafanya, usiwe na wasiwasi. Gesi na pipi nitaeleza mimi. Chupa nimemwomba mwalimu afungue yeye.

Usiniandikie lolote mpaka nirudi Desemba. Nikifika mnionyeshe mahali alipoishia tu.

Umeandika pia kwamba baba alisema hawezi kumwita tena. Hilo neno nimelisoma nikalirudia. Mwambie baba shikamoo. Mwambie asikae na njaa kwa ajili hiyo, na mwambie mimi ndiye niliyemwita wa kwanza.

Mwanao,
Yusrah